Bamburi walivyogeuza timbo la mawe kuwa msitu wa kutembeza watoto

Ukipanda matatu mjini Mombasa inayoelekea Mtwapa, ukavuka Daraja la Nyali na kuipita Bombolulu, haichukui muda kabla ya kuona kiwanda cha saruji cha Bamburi. Abiria wengi hupita hapo macho yakiwa upande wa bahari, kwenye hoteli na ufuo wa umma. Si wote wanaojua kwamba jirani na kiwanda hicho kuna msitu ambao mwaka 1970 haukuwapo. Mahali pake palikuwa na shimo.

Msitu huo ndio Haller Park. Wakati wa likizo, mabasi ya shule hupanga foleni langoni na watoto hushuka wakisukumana, kila mmoja akitaka kuwa wa kwanza kumwona kiboko. Mzazi anayetafuta mahali pa kupeleka wanawe siku moja nje ya nyumba, mbali na simu na runinga, hatajuta kufika hapa.

Lakini mimi ninayeandika habari za afya nilivutiwa na jambo jingine. Nimeripoti mara kadhaa kuhusu watoto waliokufa maji katika matimbo yaliyoachwa wazi baada ya mawe kuisha. Nilitaka kuona timbo ambalo limefanyiwa kazi, nijue ni nini hasa kilifanywa, na kama kuna chochote ambacho kaunti, vijiji na wazazi wanaweza kuiga.

Mtoto ataona nini

Njia za ndani ni za kutembea kwa miguu na sehemu kubwa ina kivuli. Mvao wa viatu vilivyofunika vidole unafaa kuliko malapa. Mapema tu utakutana na kobe wakubwa wa asili ya Aldabra, kule Ushelisheli, wakijiendea polepole njiani kana kwamba wao ndio wenyeji na wewe ndiye mgeni. Mbele kuna mamba nyuma ya ukuta, viboko kwenye bwawa, pofu, na twiga. Kuna saa maalum za siku ambapo wageni hupewa chakula wamlishe twiga kwa kiganja. Ulizia saa hizo langoni kabla ya kuanza kutembea, maana mtoto akikosa sehemu hiyo utasikia malalamiko hadi nyumbani.

Beba maji ya kunywa na kofia. Chakula kifungie mkobani, tumbili wa hapa wamezoea watu na hawaombi ruhusa. Watoto wadogo washikwe mkono karibu na mabwawa na mamba. Palipo na kuta na nyua, mtoto asinyanyuliwe juu yake ili apigwe picha.

Wengi wa watoto wanaokuja hapa wamekwisha kusikia kisa cha Owen na Mzee. Desemba 2004, wakati wa ile tsunami ya Bahari ya Hindi, mtoto wa kiboko alipatikana amekwama baharini karibu na Malindi, ametengana na kundi lake. Wavuvi na wenyeji walihangaika kwa nyavu na kamba hadi wakamtoa. Aliletwa Haller Park, akapewa jina Owen. Alipofunguliwa, alikimbilia moja kwa moja kwa kobe dume mzee aliyekadiriwa kuwa na umri wa miaka 130 hivi, aitwaye Mzee, akajilaza nyuma yake. Mzee mwanzoni hakupendezwa, lakini wawili hao wakazoeana, wakawa wanakula na kulala pamoja. Dkt Paula Kahumbu, aliyekuwa akisimamia mbuga hiyo wakati huo, alishiriki kuandika kitabu cha watoto kuhusu wawili hao. Kisa hiki husaidia sana mtoto anayeanza shule mpya au aliyefiwa, kwa sababu kinamwambia kwamba mtu anaweza kupata wa kumwegemea pale asipotarajia.

Chini ya miguu yako

Sasa tazama ardhi. Pwani yetu, kuanzia Kwale hadi Kilifi, imekaa juu ya mawe ya matumbawe, yaani miamba iliyojengwa na viumbe wa baharini miaka mingi iliyopita wakati bahari ilikuwa juu zaidi ya ilivyo leo. Mawe hayo ni chokaa, na chokaa ndiyo malighafi kuu ya saruji. Kiwanda cha Bamburi kilianza kutoa saruji mwaka 1954. Kila mfuko uliojenga nyumba ulitoka kwenye mwamba huo, na kila mwaka shimo lilipanuka.

Walichimba hadi karibu na usawa wa maji ya chini, wakahamia pengine. Kilichobaki kilikuwa uwanja mpana wa mawe meupe, usio na udongo, usio na kivuli, wenye joto kali la mchana na maji ya chumvichumvi chini kidogo tu ya uso wa ardhi. Hakuna jani lililoota.

Mwaka 1971 kazi ya kulifufua timbo hilo ilianza chini ya Dkt René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi aliyekuwa ameajiriwa na kampuni hiyo. Alijaribu aina 26 za miti. Zilizostahimili zilikuwa 3 tu: mvinje, mnazi, na mti wa damas wenye asili ya Somalia.

Mvinje kila Mpwani anaujua. Ndio ule mti mrefu wenye majani membamba kama sindano, unaovuma upepo wa bahari ukipita. Fito na nguzo zake zinajenga nyumba nyingi za Pwani. Siri yake iko mizizini. Humo huishi bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani na kuifanya mbolea, hivyo mti unaweza kujilisha mahali ambapo mwingine ungekufa njaa. Tena hauogopi chumvi.

Mivinje ikakua, kivuli kikapatikana, lakini udongo haukutokea. Majani yaliyoanguka yalilala chini bila kuoza, kwa sababu yana tanini nyingi, ile dawa chungu ya mimea inayofukuza wadudu na bakteria. Ardhi ikawa imefunikwa zulia kavu lisilomfaa mtu.

Kisha Haller akamwona jongoo. Ndiyo, jongoo huyu huyu mweusi, mrefu kama kidole au zaidi, ambaye watoto wetu humgusa ili ajikunje. Alikuwa akiyala majani hayo ya mvinje. Haller akaagiza majongoo wakusanywe na kuletwa kwa wingi timboni. Wakala, wakanya, na kinyesi chao kikawa laini kiasi cha bakteria kukimalizia. Hivyo ndivyo mboji ya kwanza ilivyopatikana kwenye mwamba ule. Juu ya mboji hiyo ikapandwa miti mingine ya asili ya Pwani, ndege wakaleta mbegu zao, na mabwawa yaliyochimbwa hadi kwenye maji ya chini yakatiwa samaki aina ya perege.

Mwaka 1984 wananchi wakaanza kuruhusiwa kuingia kama wageni. Mwaka 1987 Haller akawekwa kwenye orodha ya heshima ya Global 500 ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira. Mbuga yenyewe baadaye ikapewa jina lake.

Kwa hiyo, kutoka shimo tupu hadi lango la wageni ilichukua miaka 13. Kwa mzazi huo ni muda wa mtoto kuzaliwa na kufika mwisho wa shule ya msingi. Hapa hakukuwa na muujiza. Kulikuwa na mtu aliyepewa kazi hiyo, akalipwa kuifanya, na akaachwa aendelee hata majaribio mengi ya mwanzo yalipokufa.

Saa moja kwa siku

Sehemu nyingine ya matimbo hayo ya Bamburi imekuwa njia za msituni ambazo wakazi huzitumia kukimbia, kutembea na kuendesha baiskeli. Zinaitwa Forest Trails. Nenda jioni utakuta mama na binti yake wakitembea kwa kasi, vijana kwenye baiskeli, na baba aliyechoka akijifanya anafunga kamba za viatu.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri kwamba mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate angalau dakika 60 za kuutumia mwili kila siku, kwa wastani wa wiki. Mzazi wa mjini ajue kwamba kupata dakika hizo si suala la nidhamu ya mtoto peke yake. Mtoto wa ghorofa ya nne asiye na uwanja, ambaye nje ya lango ni barabara ya bodaboda, atacheza wapi? Mombasa ina watu wengi na nafasi chache za wazi. Shimo kuukuu likitunzwa linaweza kuwa mapafu ya mtaa mzima.

Matimbo yasiyo na mwenyewe

Toka Bamburi sasa. Ukisafiri kote Kenya, penye mji unaokua pana timbo lililoujenga. Nairobi ni maarufu kwa mawe yake ya kuchonga, na Pwani ina matofali ya matumbawe yanayokatwa vijijini. Mara nyingi mambo huenda hivi: familia inakodisha kipande cha shamba, wachimbaji wanakuja, mawe yanaisha, wachimbaji wanaondoka. Mvua inanyesha, shimo linajaa maji, na watoto wanalipatia jina la utani na kulifanya bwawa la kuogelea.

Kwa mujibu wa WHO, watu takriban 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Kwa walio kati ya miaka 5 na 14, kufa maji ni sababu ya tatu miongoni mwa zinazoua. Zaidi ya vifo 9 katika kila 10 hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha wastani, kama yetu.

Maji ya timbo yana hila kuliko ya mto. Kingo zake zimesimama wima kama ukuta, hivyo mtoto akiteleza hana pa kushika wala pa kupandia. Sakafu yake haina usawa. Hatua moja maji yako magotini, ya pili yamepita kichwa. Na kwa kuwa maji ni ya rangi ya udongo, wenzake hawaoni alipozamia. Mtoto anayezama aghalabu hapigi kelele wala kupunga mikono kama kwenye sinema. Anatulia, anashuka.

Wazazi niliozungumza nao baada ya misiba ya aina hii husema jambo moja karibu kwa maneno yale yale: kila mtu alijua shimo lipo, na kila mtu alidhani kuna mwingine anayehusika nalo.

Kisha kuna mbu. Maji yaliyotuama na kupigwa na jua ni makazi mazuri ya viluwiluwi vya mbu wa malaria. Hapa pana habari njema kutoka nchini mwetu. Utafiti uliofanywa katika mabwawa ya samaki yaliyotelekezwa eneo la Kisii, ukachapishwa mwaka 2007, ulionyesha kwamba perege walipotiwa ndani, mbu wanaoeneza malaria walipungua kwa zaidi ya asilimia 94 baada ya wiki 15. Samaki ni wale wale tunaowala. Haimaanishi mtupe samaki katika kila dimbwi bila kumuuliza afisa wa uvuvi wala wa afya ya umma, na chandarua kibaki kitandani. Inamaanisha kwamba maji ya shimo si lazima yabaki kuwa adui.

Shimo likipewa taka

Wapo wanaosema dawa ya timbo ni kulijaza. Ni kweli, lakini inategemea unalijaza nini. Jaa la Dandora, Nairobi, lilianza katika timbo la zamani mwaka 1975. Taka zingejaza shimo, ardhi ingesawazishwa, mambo yangeisha. Mwaka 2001 jaa hilo la ekari 30 hivi lilitangazwa kuwa limejaa. Malori hayakusimama.

Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilichapisha matokeo ya uchunguzi wa watoto 328 wa umri wa miaka 2 hadi 18 wanaoishi na kusoma karibu na jaa hilo. Nusu yao walikuwa na kiwango cha madini ya risasi katika damu kilichofikia au kupita kile kilichokuwa kikikubalika kimataifa. Karibu nusu walikuwa na matatizo ya kupumua.

Risasi ikiingia mwilini mwa mtoto huathiri ubongo unaokua: kujifunza kunakuwa kugumu, umakini unapungua, damu inapungua pia. WHO inasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Na madhara yake kwenye ubongo hayaondolewi kwa dawa baadaye.

Linganisha mashimo hayo mawili. Yote yalichimbwa ili miji ijengwe. Miaka ya sabini moja lilipewa mivinje na majongoo, jingine likapewa taka. Watoto waliozaliwa jirani na mashimo hayo hawakuulizwa.

Kabla ya kununua ploti

Siku hizi ardhi iliyokuwa timbo inauzwa pia kama ploti za nyumba, hasa pembezoni mwa miji. Si vibaya kujenga hapo iwapo kazi ya kitaalamu imefanywa. Lakini familia inayojikusanyia akiba iulize maswali haya kabla ya kulipa hata arubuni.

Shimo lilijazwa nini, na nani alisimamia? Udongo uliomwagwa bila kushindiliwa huzama polepole, nyumba ikapasuka. Taka zilizofukiwa huoza na kutoa gesi ya methani, inayoweza kupenya ndani ya nyumba na kushika moto. Mwite mhandisi apime udongo, usitosheke na maneno ya dalali.

Ploti iko umbali gani kutoka ukingo? Ukuta wa mawe uliokatwa wima hubomoka mvua zikizidi. Maji ya mvua yanaelekea wapi? Shimo ni shimo, maji ya mtaa mzima yatalitafuta. Na kisima kikichimbwa hapo, maji yapimwe kabla ya mtoto kuyanywa.

Tusidanganyane kuhusu pesa

Bamburi ilikuwa na mambo ambayo timbo la kijiji halina: kampuni kubwa, mtaalamu wa kudumu, mishahara na mashine. Hata Kanada, bustani mashuhuri za Butchart zilizoanzishwa mwanzoni mwa karne ya 20 ndani ya timbo la chokaa zilikuwa kazi ya Jennie Butchart, mke wa mwenye kiwanda cha saruji. Tukisubiri kila shimo lipate tajiri wake, tutazika watoto wengi.

Ndiyo maana sheria ipo. Sheria ya Madini ya 2016 inamtaka mwenye leseni aweke dhamana ya fedha kwa ajili ya kurejesha mazingira. Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na kifungu cha 70 kinamruhusu mtu kwenda mahakamani kuitetea haki hiyo bila hata kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe amepata hasara. Kampuni nazo hubadilisha mikono. Mwishoni mwa 2024 Bamburi yenyewe ilinunuliwa na Amsons ya Tanzania. Shimo halihami na mwenye hisa wa zamani, na wajibu wa kulitunza usihame.

Timbo la jirani yako

Tuseme lipo timbo karibu na kwenu na hakuna mbuga itakayojengwa kesho. Anzeni na mambo manne ambayo kijiji kinaweza kuyafanya chini ya chifu na mzee wa mtaa.

La kwanza ni ua. Hata ua wa miiba au fito za mvinje ni bora kuliko bango. Mtoto wa miaka minne hasomi bango.

La pili, kingo zilazwe. Mwenye ardhi au mchimbaji atakiwe kuuvunja ukuta wa wima upande mmoja angalau, uwe mteremko ambao mtu anaweza kuupanda akitoka majini.

La tatu, watoto wadogo wawe na mwangalizi saa ambazo wazazi wako kazini. WHO inataja malezi ya mchana ya watoto wadogo na vizuizi vya kuwatenga na maji miongoni mwa njia zinazookoa maisha. Walio na miaka 6 na zaidi wafundishwe kuogelea na kuokoana mahali salama, si timboni.

La nne, kila nyumba ijue la kufanya. Mtoto akizama, usimrukie kama huwezi kuogelea. Mtupie kamba, fito, dumu tupu lililofungwa, chochote kinachoelea. Akitolewa, usimning'inize kichwa chini wala usimbinye tumbo. Kama hapumui, mpe pumzi za mdomo kwa mdomo na umbinye kifua kwa mfululizo, huku mwenzako akitafuta gari la kwenda hospitali. Hata akizinduka na kuomba chai, apelekwe tu. Mapafu yaliyoingia maji yanaweza kuleta matatizo saa kadhaa baadaye.

Kisha kuna jambo la tano, linalohitaji uvumilivu. Kabla ya timbo jipya kupewa kibali, hufanywa tathmini ya athari za mazingira na wananchi hupewa nafasi ya kutoa maoni. Mara nyingi wanaohudhuria ni wanaume wanaotafuta kibarua, na hoja kubwa ni ajira. Ajira ni muhimu. Lakini wazazi nanyi mwende, mkae viti vya mbele, na muulize mambo yaandikwe kwenye kumbukumbu za kikao: mawe yakiisha, shimo hili litakuwa nini, nani atalifanya, kwa pesa za nani, na ataanza mwaka gani?